Leseni ya Baba Mkwe na Chumba Changu cha Kulala

Tuliokuwepo siku hiyo tulikuwa saba, na mmoja wetu alikuwa hajaota jino hata moja. Wa kwanza alikuwa baba mkwe wangu, fundi wa rangi, na shughuli yote ilikuwa yake. Wa pili mama mkwe, mke wake wa pekee. Wa tatu mimi, mke wa mwana wao wa kwanza, na wa nne binti yangu niliyekuwa nimembeba mgongoni. Wa tano alikuwa jirani wa ng'ambo ya kijito. Huyo na baba mkwe walitahiriwa asubuhi moja, kwa hiyo waliweza kutukanana tangu chai ya asubuhi hadi jua kuzama na hakuna aliyekasirika. Wa sita askari wa chifu, ambaye mama yake na mama mkwe wangu walizaliwa nyumba moja. Wa saba mkaguzi wa leseni, ambaye hakuwa ndugu wa mtu yeyote pale. Mume wangu hakuwepo. Alikuwa kazini, kiwanda cha majani chai upande wa Nyamira.

Majina yao ninayo yote, hata la mbwa. Lakini jina la baba mkwe sikulitamka alipokuwa hai na sitaanza leo, na nikiandika ya wengine nikaruka lake watu watauliza kwa nini. Basi niyaache yote.

Ilikuwa miaka ile ya baada ya Uhuru, watoto wangu wengine hawajazaliwa. Baba mkwe alijifunza rangi mjini Kisii kwa kontrakta mmoja Mhindi. Miaka miwili ya kwanza kazi yake ilikuwa kuosha brashi za wenzake kwa tapentaini, mpaka ngozi ya vidole ikawa nyeupe. Baadaye akajitegemea. Alipaka nyumba za walimu na makarani Kiogoro, alipaka Ogembo, akaenda hata Nyacheki kwa mtu aliyetaka milango ya kijani. Hakuna aliyemwuliza karatasi. Watu walimwuliza kama rangi itabanduka, naye akawaambia wapitishe ukucha.

Kisha kukatokea mafundi wa kuokota, wanaochanganya rangi na mafuta ya taa ili iende mbali, na baada ya mvua mbili ukuta unachunika kama mgonjwa wa surua. Watu wakalalamika. Kanjo, watu wa baraza la mji, wakasema, kuanzia sasa anayechukua nyumba ya mtu kuipaka lazima awe na leseni, na leseni haitoki mpaka mkaguzi amwone akifanya kazi kwa macho yake. Jambo zuri, ukilitazama. Lakini baba mkwe alilijua siku aliyoteremshwa kwenye ngazi mjini na askari wawili. Walichukua ngazi, wakachukua brashi zote. Alirudi kwa miguu, matone ya rangi nyeupe yamekauka kwenye kope. Walimwambia hilo ni onyo, na mara ya pili hakuna onyo, ni ndani.

Tangu siku hiyo alikuwa mtu wa kushtuka. Hata akiwa juu ya paa lake mwenyewe anapigilia bati, akisikia gari barabarani alishuka. Mama mkwe alimcheka mara ya kwanza tu.

Mkaguzi alikuwa anapita upande wetu mara moja kwa mwaka. Barua ilipokuja kwa chifu ilisema atakuja mwezi ujao, na kwamba fundi atayarishe nyumba ya kuishi watu, yenye plasta mpya, apake mbele yake nje na ndani, kila chumba. Nyumba yenye plasta mpya ilikuwa moja tu pale kwetu, na ilikuwa yangu. Mume wangu alikuwa ameijenga kwa matofali ya kuchoma, bati juu, sebule na vyumba viwili. Sisi tulikuwa bado tunakaa kwenye nyumba ya nyasi upande wa chini. Baba mkwe aliingia katika ile mpya siku nne mfululizo. Alipiga msasa, akajaza nyufa kwa pati, akapaka rangi ya kwanza ile ya kunyonywa na ukuta. Ya mwisho aliiacha kwa ajili ya macho ya mkaguzi. Akafunga madebe, akatoka.

Hapa lazima nieleze, kwa sababu wajukuu wangu wa mjini hawajui. Kwetu baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Ni heshima kati ya mzazi na mtoto, tunaiita ensoni. Nyumba ambayo haijalaliwa ni matofali tu. Baba anaingia, anapima, anagombana na mafundi. Mwana na mkewe wakishalala humo, basi. Sebuleni, kukiwa na mgonjwa au kazi, wazee waliweza kutafuta namna ya kusamehe. Chumba cha kulala hakikuwa na namna. Mzee akivuka kizingiti kile, tulifundishwa, balaa halimpati yeye kwanza, linaanza na watoto.

Sasa kosa langu. Ijumaa moja mvua ilishuka, nyumba ya nyasi ikavuja juu ya kitanda chetu, juu ya mtoto. Mume wangu alikuwa amefika kabla ya jua kuzama kwa sababu sisi ni watu wa Sabato. Akasema, "Tuhamishe kitanda." Tukakiingiza katika ile nyumba mpya, katika chumba kile kikubwa, tukalala humo Ijumaa na Jumamosi. Nilimwuliza, "Na tata, baba yako?" Akasema, "Tutamwambia kwa utaratibu. Mkaguzi mwenyewe ni mwezi ujao. Atatafuta nyumba nyingine." Jumapili akarudi kazini. Jumatatu jua likatoka, nikarudisha kitanda chini, nikafagia, nikafunga mlango. Nikangoja nipate saa nzuri ya kumwambia mama mkwe. Mke mpya anamwambia nini mama mkwe wake? Kwamba tulilala? Kila nilipofungua kinywa nilisikia aibu, nikasema neno lingine, la kuni au la ndizi.

Jumatano, saa tatu asubuhi, mkaguzi akaja. Hakungoja mwezi ujao. Alisema ratiba imebadilika.

Niliwaona wakishuka kutoka barabarani, askari wa chifu mbele, yeye nyuma akichagua pa kukanyaga. Alivaa tai ya bluu. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kunyooka, ambacho sisi tulikisikia kwenye redio tu. Baba mkwe hata hakumaliza uji. Alivaa lile ovaroli lake lenye rangi za nyumba zote alizopaka, akabeba ngazi ya kuazima, akaenda.

Alianza nje. Mkaguzi alisimama nyuma yake na ubao wenye fomu, akaweka alama, akasogea, akaweka alama. Jirani aliona watu akavuka kijito kuja kutazama.

"Wewe!" akamwita baba mkwe. "Mkono unatetemeka kama wa bibi harusi."

"Nenda kwako, nyumba yako imepakwa na mbuzi."

"Mbuzi wangu hakuombwa leseni."

"Angeombwa angeipata kabla yako."

Askari wa chifu alicheka. Mkaguzi hakucheka. Mimi nilikuwa nachota maji ya kuoshea brashi, na kila nikirudi na ndoo nilihesabu kilichobaki: ukuta wa mbele, wa pembeni, kisha sebule, kisha chumba kidogo, kisha chumba changu. Nilisali mvua inyeshe. Nilisali ngazi ivunjike, kisha nikaogopa sala yenyewe, nikaomba isivunjike.

Nilikimbilia jikoni. Mama mkwe alikuwa anachoma manyoya ya kuku wa mgeni.

"Mama," nikasema.

"Leta sufuria kubwa."

Nikaleta. "Mama, ile nyumba..."

Askari wa chifu akaingia na kuketi kwenye kigoda. "Mama mdogo, harufu hii nimeifuata tangu mlimani."

"Kaa, mwanangu. Wewe mkamwana, una nini? Umekuwa wa rangi ya majivu."

"Sina kitu, mama."

"Basi ukiwa huna kitu pepeta mtama."

Sikupepeta. Niliporudi kwenye nyumba baba mkwe alikuwa amemaliza sebule. Ilikuwa rangi ya krimu, na pale ukuta unapokutana na dari aliikata kwa ncha ya brashi bila kuweka ubao, mstari ulionyooka kuliko uzi. Mkaguzi aliusogelea, akauangalia kwa muda, akasema neno lake la kwanza tangu kazi ianze, "Aha." Baba mkwe alitabasamu. Tangu achukuliwe ngazi mjini nilikuwa sijamwona akitabasamu. Nikafikiri, nikisema sasa nimemnyang'anya leseni mdomoni. Nikinyamaza, anavuka, naye hatajua, na nitakuwa mimi peke yangu ninayejua, mimi na huyu mgongoni.

Akamaliza chumba kidogo. Jua lilikuwa la saa saba. Nilisimama sebuleni na karai la maji. Mkaguzi aliinua fomu.

"Kimebaki kile kikubwa, fundi. Ukimaliza vile ulivyoanza, mimi sina maneno."

Baba mkwe akachukua ngazi kwa mkono mmoja na mkebe kwa mkono mwingine, brashi ameibana kwa meno, akaelekea mlangoni.

Kwa Ekegusii nisingeweza. Maneno ya lugha yetu kuhusu jambo lile yangenichoma ulimi mbele ya baba mkwe. Lakini nilikuwa na Kiswahili kidogo, cha darasa la tatu na cha sokoni, na Kiswahili ilikuwa lugha ya wageni. Nilitazama tai ya mkaguzi, ile ya bluu, nikamwambia yeye.

"Bwana, mimi nimelala hiyo chumba. Mimi na bwana yangu. Ijumaa na Jumamosi."

Nilisikia ngazi ikigonga fremu ya mlango. Nilisikia brashi ikianguka. Sikugeuka. Maji ya karai yalikuwa yanamwagika kwenye miguu yangu.

Mkaguzi akashangaa. "Sasa mama, ulale usilale, mimi yananihusu nini?"

Baba mkwe akapita kando yangu akitazama sakafu, akatoka nje. Alikaa juu ya debe lililogeuzwa. Mkaguzi akamfuata, na mimi nikabaki mlangoni.

"Fundi, chumba."

"Siingii."

"Rangi imekwisha?"

"Rangi ipo."

"Mkono unauma?"

"Mkono mzima."

"Basi ingia tumalize, gari langu liko barabarani."

"Siingii, bwana. Andika unaloandika."

"Nitaandika kwamba umekataa. Na nikiandika hivyo, leseni hakuna mpaka nirudi mwakani. Na katikati hapo ukikutwa juu ya ngazi ya mtu, unajua mwenyewe."

"Najua."

Sauti yake ilikuwa ndogo. Mama mkwe alikuwa amesikia kelele, ametoka jikoni na mwiko mkononi, askari nyuma yake. Mkaguzi alitoa kalamu. Mimi nilianza kulia, na mtoto naye akaanza, akafikiri ndiyo kazi ya siku hiyo.

Ni jirani aliyesema. "Bwana mkaguzi, ngoja kidogo. Huyu mtu ni fundi mbaya, mimi namjua tangu tukiwa na mikia."

"Nyamaza," baba mkwe akamwambia.

"Ni fundi mbaya, na ni mkaidi. Lakini humo hataingia hata ukimwelekezea bunduki. Mkwe wake amelala humo. Kwetu hiyo imekwisha. Sasa mimi na yeye ni wamoja, tulilia siku moja. Kwangu ana ruhusa mpaka chini ya kitanda. Vuka kijito, kuna chumba."

"Kina plasta?"

"Plasta iko, na juu yake kuna rangi iliyopakwa na mtu asiye na leseni."

"Nani?"

"Mimi."

Askari akacheka mpaka akashika ukuta, akatoka na krimu kwenye kiganja. Mkaguzi alitazama saa, akatazama viatu vyake, akatazama kijito kule chini. Mama mkwe akasema, "Bwana, kuku yuko tayari. Kula kwanza, ndipo mwende."

"Mama, asante. Nikila kwako halafu nimpe leseni, watasema ni kuku aliyepimwa." Akafunga kalamu. "Nina saa moja na nusu. Beba ngazi."

Wakavuka. Baba mkwe mbele, jirani nyuma ya ngazi akimwambia ashike vizuri, hiyo si ya baba yake. Askari aliwafuata mpaka kijitoni, akakumbuka kuku, akarudi.

Mimi sikwenda. Mama mkwe alikaa nami kwenye ngazi za nyumba yangu, akaweka mwiko chini.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, mama. Nyumba ya nyasi ilivuja."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona aibu."

Aliokota kijiti, akakivunja. Kisha akaniuliza lile lililonikalia kifuani mpaka leo. "Mguu wake ulivuka?"

"Sikuona. Nilikuwa naangalia tai ya yule mtu."

Askari wa chifu, ambaye alidai saa ile alikuwa amechungulia kwa mlango wa nyuma wa nyumba yangu, akasema, "Ulivuka. Wa kulia. Niliuona."

"Wewe," mama mkwe akamwambia, "macho yako yalikuwa kwenye sufuria." Lakini mwenyewe alikuwa amegeuka rangi.

Tulingoja. Kutoka kwetu ungeweza kuona nyumba ya jirani lakini si kilicho ndani. Tulisikia msasa, kwa sababu upepo ulikuwa wa upande huo, halafu hatukusikia kitu. Niliwaza kwamba mkono wake umekataa. Niliwaza kwamba amelazimika kubandua rangi ya jirani na saa imekwisha, na jirani yule, nilivyomjua, alikuwa amepaka rangi juu ya masizi bila kuosha. Mama mkwe alikuwa akivunja kijiti vipande vidogo. Jua lilipofika juu ya mikaratusi mkaguzi akatokea peke yake, akapanda kwenda barabarani bila kupita kwetu. Mama mkwe akasema, "Ee Mungu."

Halafu tukasikia jirani akiimba wimbo wa jandoni, mchana, kwa sauti, mtu mzima wa kanisa.

Yeye ndiye aliyetusimulia, na aliendelea kusimulia miaka yote. Baba mkwe alichuna ile rangi ya jirani kwa kisu, akaosha masizi kwa maji ya sabuni, akajaza pati, akapaka ukuta mmoja tu kwa sababu ya saa. Mkaguzi alipitisha ukucha wake mwenyewe kwenye kona. Kisha akatia sahihi akiwa ameweka ubao juu ya kitanda cha jirani. Chumba kile kilikaa na ukuta mmoja wa krimu na mitatu ya rangi nyekundu ya kutisha, kwa sababu jirani alikataa ya mitatu iondolewe. Alisema ni ushahidi.

Leseni ilikuja kwa ofisi ya chifu baadaye. Baba mkwe aliikunja, akaiweka ndani ya Biblia. Alirudi mjini kudai ngazi yake, akapewa, bila brashi. Tangu hapo gari likipita hakushuka.

Chumba changu kikabaki na rangi ya kwanza, ya kijivu. Yeye hangeingia, na fundi mwingine kumwita ingekuwa kumtukana. Siku moja mkebe wa krimu na brashi mbili vikawekwa mlangoni kwangu. Nikaelewa. Nilianza kupaka, na baba mkwe akasimama uani, amenipa mgongo, anamwambia mama mkwe kwa sauti ya kusikika mpaka Ogembo:

"Mwambie mtu huyo afute brashi kwenye mdomo wa mkebe."

"Futa brashi kwenye mdomo wa mkebe," mama mkwe akasema dirishani.

"Mwambie asirudi nyuma kwenye palipoanza kukauka."

"Usirudi nyuma."

"Mwambie kwenye kona ashikilie pumzi."

Nilishikilia pumzi. Mstari wangu pale juu ulipinda kama mto, na ukabaki umepinda. Hakuuona kamwe.

Kuhusu ile siku yenyewe hakuniambia neno, wala la hasira wala la asante. Wazee walitaka mbuzi wa kutakasa, mume wangu akasema sisi ni wa kanisa, tukasali. Mwaka uliofuata mtoto alipata surua. Alilala siku sita katika chumba kile amefumba macho, na mimi sikufikiri surua, nilifikiri mguu wa kulia. Baba mkwe alikuja kila asubuhi, akasimama uani mbali na mlango, akauliza, "Amekunywa maji?" Mama mkwe akajibu. Siku ya saba alikunywa. Nilizaa wengine sita, na kila mmoja alipopata homa nilitazama kizingiti kile kabla ya kutafuta dawa.

Baba mkwe alifariki akiwa mzee sana. Mama mkwe alishikilia mpaka mwisho kwamba mguu haukuvuka. Askari alishikilia kwamba ulivuka. Jirani nilimwuliza mara tatu, akanijibu mara tatu tofauti, na mara ya tatu alisema haijalishi, hakuwa amevaa viatu.

Ninyi mnaosoma, wengine ni watoto wa watu hao na mnajijua ingawa sikuwataja. Huenda nimechanganya: pengine mkaguzi alikuja Alhamisi, pengine rangi ile haikuwa krimu. Nirekebisheni, sitakasirika. Na kama mzazi wako alikuwepo na aliwahi kukuambia alichokiona pale mlangoni, njoo uniambie nikiwa bado nasikia. Hata kama aliuona ukivuka, njoo.